Bilioni Moja na Ushei

Mwezi uliopita nilikuwa Newala kumjulia hali mjomba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ukungu ukalala mpaka saa tatu asubuhi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka nje nikaanza kupekua kabati lake nikitafuta mkasi. (Watu wa Lindi mjini hawaniamini nikiwaambia kuna sehemu ya kusini watu wanavaa sweta. Njooni Newala.) Mkasi sikuupata. Nilichopata ni kaunta buku la jalada gumu, pembe moja imeliwa na mchwa, na kwenye ukurasa wa mwisho namba moja kwa mwandiko wangu, imezungushiwa duara la kalamu mpaka karatasi imetoboka:

1,095,633,000

Nikacheka peke yangu. Mjomba akauliza kutoka barazani, "Umeona nini humo?" Nikamwambia nimeiona bilioni yetu. Akakaa kimya kidogo. "Ile ya korosho? Ile ilitunyima usingizi."

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani nasubiri chuo, na mjomba alikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho. Chama gani, sitataja. Msimu ukishika kasi, kuanzia Oktoba, karani halali. Mkulima analeta magunia yake, yanapanda mzani, anaandikiwa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu. Siku zile wanunuzi walikuwa wanatuma bei zao kwenye bahasha, bahasha zinafunguliwa mbele ya wakulima, na wakulima wakiikubali bei basi mzigo umeuzwa. Kinachobaki ni hesabu: nani alileta kilo ngapi, apate shilingi ngapi. Kwa mtu wa mjini hapo kazi imekwisha. Kwa karani hapo ndipo inapoanza.

Mnada ule ghala lilisema kilo 347,820. Bei ilikuwa shilingi 3,150 kwa kilo. Mjomba akachukua kikokotoo chake, kile kidogo cha mfukoni ambacho kitufe cha nane kilikuwa kimefutika kwa kubonyezwa, akazidisha. Kikaandika E. Kioo chake kina nafasi nane tu, na bilioni inataka kumi. Nilidhani tutakwama. Mjomba akasema, "Sifuri hazina kazi sasa hivi, zitie mfukoni," akabonyeza 34,782 mara 315. Ikatoka 10,956,330, tarakimu nane kamili, kama vile kikokotoo kimeshonewa kwa kipimo chake. Akazitoa sifuri mbili mfukoni, akazirudisha mwishoni. Bilioni moja, milioni tisini na tano, laki sita na thelathini na tatu elfu. Kabla ya makato.

Kisha akafanya kitu ambacho shuleni hawakuwahi kunifundisha, ingawa nilisoma hisabati mpaka kidato cha sita. Akajumlisha tarakimu. 3 na 4 na 7 na 8 na 2 na 0, ishirini na nne. 2 na 4, sita. Bei: 3 na 1 na 5 na 0, tisa. Sita mara tisa hamsini na nne. 5 na 4, tisa. Akahamia kwenye jibu: 1 na 0 na 9 na 5 na 6 na 3 na 3, ishirini na saba, 2 na 7, tisa. "Tisa kwa tisa. Hesabu imekaa." Yeye aliita kutoa tisa, na alifundishwa na mwalimu wake wa darasa la nne.

Siri yake si kubwa. Kumi ukiigawa kwa tisa inabaki moja. Mia vilevile, elfu vilevile, hata bilioni. Kwa hiyo mbele ya tisa, 4 iliyoko kwenye maelfu na 4 iliyoko kwenye mamoja ni kitu kimoja: zote zinaacha 4. Ukijumlisha tarakimu unapata kile ambacho namba nzima ingekibakiza kwa tisa, bila kugawanya chochote. Watu wamekuwa wakikagua hesabu zao hivi kwa zaidi ya miaka elfu, toka India mpaka nchi za Waarabu, na tisa yenyewe kwa Kiswahili imetoka kwa Waarabu, pamoja na sita na saba. Nane ni yetu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mmakua, na kwa Kimakua sita ni tano na moja, tisa ni tano na nne, kwa hiyo kwake jina la namba lenyewe tayari ni hesabu ya kujumlisha.

Naona nimetoka njiani. Turudi kwa mjomba, maana raha yake ilidumu dakika kumi.

Orodha ya wakulima ilikuwa na majina 412. Tulijumlisha kilo zao zote, jina kwa jina, tukapata 348,090. Ghala linasema 347,820. Tukarudia. Tukarudia tena, safari hii mimi nasoma yeye anabonyeza. 348,090 ileile. Tofauti ilikuwa kilo 270, zaidi ya magunia matatu, na kwa bei ile ni shilingi 850,500. Nimesema mjomba alikuwa karani. Kilo zikiwa nyingi kwenye orodha kuliko ghalani, kijijini kuna maelezo mawili tu: ama mzani wa chama unadanganya, ama kuna magunia yameshuka njiani usiku. Yote mawili yanaishia kwa karani. Mkutano wa wanachama ulikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba tisa yake ilikuwa imenyamaza. Jumlisha tarakimu za 347,820: ishirini na nne. Jumlisha za 348,090: 3 na 4 na 8 na 0 na 9 na 0, ishirini na nne. Namba mbili tofauti, kipimo kimoja. "Leo tisa imenisaliti," akasema.

Ni pale aliposema hivyo ndipo nikashtuka. Kama namba zote mbili zinaacha baki moja kwa tisa, basi tofauti yao lazima igawanyike kwa tisa. 270 ni tisa mara thelathini. Chukua namba yoyote ya tarakimu mbili uigeuze: 52 ikawa 25, tofauti 27. 81 ikawa 18, tofauti 63. 74 ikawa 47, tofauti 27 tena. Kila mara ni tisa mara tofauti ya tarakimu zenyewe, kwa sababu tarakimu moja imepanda kutoka mamoja kwenda makumi na nyingine imeshuka, na kutoka moja kwenda kumi ni hatua tisa. Sasa 270 ni 27 iliyosukumwa nafasi moja kushoto. Hivyo nikamwambia mjomba: pengine hakuna aliyeiba. Pengine kuna mtu kwenye orodha ambaye tarakimu zake za mamia na makumi zimebadilishana viti, na zinatofautiana kwa tatu.

Akaniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyekunywa uraka, pombe ya mabibo. Lakini saa sita ya usiku mtu anajaribu lolote.

Badala ya kukagua stakabadhi 412, tukapita orodha kwa kidole tukitafuta tu wale ambao tarakimu ya mamia inazidi ya makumi kwa tatu: mia tatu na kitu bila makumi, mia nne na kumi na kitu, mia tano na ishirini na kitu, mpaka mia tisa na sitini na kitu. Walikuwa 29. Stakabadhi ya kumi na saba ilikuwa ya mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Kwenye orodha: 741. Kwenye stakabadhi: 471.

Mwandiko wa kwenye orodha ulikuwa wangu.

Nimefikiria sana tangu siku ile jinsi kosa lile lilivyoingia, na nadhani Kiswahili kingeniokoa kama ningekiacha kifanye kazi yake. Ukisema "mia nne sabini na moja", huwezi kuzibadilisha: nne imefungwa kwenye mia, na saba imeshageuka kuwa sabini. Kila tarakimu imevaa nguo za mahali pake. Lakini jioni ile tulikuwa na haraka, binti wa mjomba ananisomea stakabadhi mimi naandika, na baada ya jina la mia moja tukaanza kukatisha. "Nne, saba, moja." Zimevuliwa nguo. Hapo hakuna kinachomzuia saba asikae mbele. Ndivyo tunavyosomeana namba za malipo na za simu siku hizi, tarakimu mojamoja, kisha tunashangaa fedha imekwenda kwa mtu wa Kahama.

Niseme ukweli pia kwamba tulikuwa na bahati. Tofauti kugawanyika kwa tisa si ushahidi kwamba tarakimu zimebadilishana. Kwa kubahatisha tu, tofauti moja katika kila tisa itagawanyika hivyo. Ni fununu, na fununu nzuri, ila ukimwendea mtu na fununu uende na stakabadhi yake mkononi.

Aliyenifunga mdomo baadaye chuoni ni mhadhiri mmoja niliyemsimulia kisa hiki nikijisifu. Akaniuliza, "Kwa nini hamkutumia kumi na moja?" Kwa kumi na moja tarakimu hazijumlishwi tu, unatoa na kujumlisha kwa zamu kuanzia kulia. 347,820 inakuwa 0 toa 2, jumlisha 8, toa 7, jumlisha 4, toa 3: sifuri. Inagawanyika. 348,090 inakuwa 0 toa 9, jumlisha 0, toa 8, jumlisha 4, toa 3: hasi kumi na sita. Haigawanyiki. Ambapo tisa ni kipofu, kumi na moja inaona, kwa sababu kwake kiti cha mamia na kiti cha makumi havifanani: kimoja cha kujumlisha, kingine cha kutoa. Ndiyo maana vitabu vya zamani vyenye namba ya utambulisho ya tarakimu kumi vilikaguliwa kwa kumi na moja. Na simu yako inafanya jambo la ukoo huo: bonyeza *#06# uone namba ya tarakimu 15. Ile ya mwisho si ya kuitambulisha simu, ni mlinzi wa zile 14, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM, iliyopata hataza Marekani mwaka 1960. Kanuni hiyo inakamata tarakimu jirani zilizobadilishana, isipokuwa 0 na 9 tu.

Basi, kosa limepatikana, saa saba usiku, umeme umekatika, usingizi umeruka. Mjomba alikuwa na furaha ya mtu aliyefutiwa kesi. Akachemsha chai kwenye jiko la mkaa. Na mimi, kwa mwanga wa tochi ya simu, nikaanza kuivunja ile bilioni. Hakuna aliyenituma.

Kuvunja namba maana yake ni kuiandika kama zao la namba tasa, zile ambazo hazigawanyiki tena. Namba yoyote nzima kubwa kuliko moja inavunjika hivyo, na kwa njia moja tu. Ukianza na mbili au ukianza na saba utamaliza na vipande vilevile. Nikaanza na kilo: 347,820 gawanya kwa 60, 5,797. Gawanya kwa 11, 527. Mjomba akachungulia akasema, "Hiyo 527 haivunjiki, iache." Ina sura hiyo kweli, sura ya ukaidi. Lakini ni 17 mara 31. Bei ilikuwa rahisi: 3,150 ni 2 moja, 3 mbili, 5 mbili na 7 moja.

Halafu nikaziweka pamoja, na hapa ndipo nilipozungusha duara. Kilo zilileta 2 mbili, 3 moja, 5 moja. Bei ikaleta 2 moja, 3 mbili, 5 mbili. Jumla: 2 tatu, 3 tatu, 5 tatu. Yaani thelathini mara thelathini mara thelathini. Korosho za watu 412 na bahasha ya mnunuzi ambaye hajawahi kuwaona, zimekutana zikakamilishana kama vipande vya mlango:

1,095,633,000 = 30 × 30 × 30 × 7 × 11 × 17 × 31

Ukitaka kujua namba hiyo ina vigawo vingapi, huhitaji kuviorodhesha. Kwa 2 una uchaguzi wa aina nne: usichukue, uchukue moja, mbili au tatu. Kwa 3 vilevile, kwa 5 vilevile. Kwa 7, 11, 17 na 31, kila moja ama unaichukua ama unaiacha. Nne mara nne mara nne, mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili. 1,024. Kuna namba 1,024 zinazoweza kuigawa bilioni ile bila kubakiza hata shilingi, na 1,024 yenyewe ni mbili kumi zilizozidishwa pamoja. Nilihisi kama mtu aliyefukua muhogo akakuta chini yake mwingine.

"Sasa watu 412 wakigawana sawasawa?" mjomba akauliza. Nikajaribu. 412 ni 4 mara 103, na 103 haimo ndani ya namba yetu. Kila mmoja angepata 2,659,303 na zingebaki shilingi 164 za kugombania. Wakipungua wanne tu, wakawa 408, kila mtu 2,685,375 na hakibaki kitu, kwa sababu 408 ni 8 mara 3 mara 17. Mjomba akacheka. Akasema vyama vyote vingeunda kamati ya kuchagua hao wanne.

Nilimwonyesha na ujanja wa saba, maana saba ndiyo inayowashinda watu. Kata namba tatu-tatu kutoka kulia: 000, 633, 095, 1. Jumlisha na kutoa kwa zamu: 0 toa 633, jumlisha 95, toa 1. Hasi 539. Na 539 ni 7 mara 7 mara 11. Kwa hiyo namba kubwa inagawanyika kwa 7 na kwa 11, na kwa 13 haigawanyiki. Umepima tatu kwa mpigo, kwa kuwa 7 mara 11 mara 13 ni 1,001.

Baadaye sana, Dar es Salaam, nilisoma habari ya Frank Nelson Cole nikamkumbuka mjomba na jiko lake la mkaa. Oktoba 1903, New York, mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani. Inasimuliwa kwamba Cole alikwenda ubaoni bila kusema neno, akazidisha mbili kwa mbili mpaka zikafika sitini na saba, akatoa moja:

147,573,952,589,676,412,927

Padri Mfaransa Marin Mersenne aliitaja mwaka 1644 kuwa ni tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas akathibitisha kwamba si tasa, lakini bila kuonyesha kigawo hata kimoja. Kama kusema nyumba hii ina mlango, ila sijui uko upande gani. Cole akahamia upande mwingine wa ubao, akazidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287. Jibu likawa lilelile. Akarudi kukaa. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, akasema Jumapili za miaka mitatu.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutoa tisa. Tarakimu za ile ya kwanza zinafika 37, yaani 10, yaani 1. Za pili 64, 10, 1. Moja mara moja ni moja. Za namba kubwa: 109, 10, 1. Karani wa Newala angeisaini.

Kuzidisha zile mbili ni kazi ya nusu saa na kalamu. Kuzitafuta ni miaka mitatu. Tofauti hiyo kati ya kuzidisha na kuvunja ndiyo iliyotumiwa na Rivest, Shamir na Adleman mwaka 1977 kutengeneza kufuli za kompyuta: namba inatangazwa hadharani, tasa mbili zilizoizaa zinafichwa. Namba ya tarakimu 250 ya aina hiyo ilivunjwa mwaka 2020, kwa nguvu ya kompyuta nyingi sana. Kufuli zinazotumika sana leo zina tarakimu 617.

Bilioni yetu ilivunjika kabla chai haijachemka. Ila majirani zake siyo. Usiku uleule nilijaribu 1,095,633,001, shilingi moja tu juu yake. Jirani wa namba hawezi kushiriki naye kigawo chochote zaidi ya moja, kwa hiyo 2, 3, 5, 7, 11, 17 na 31 zote nilizivuka bila hata kuhesabu. Nikajaribu tasa nyingine zote mpaka 97. Hakuna iliyoingia. Nikarudi chini, 1,095,632,999. Hakuna. Namba yenye vigawo 1,024 inaishi katikati ya wawili ambao chini ya mia hawana hata kimoja. Simu ikaisha chaji, nikalala.

Sasa kaunta buku liko kwangu. Nimeendelea na yule wa juu kuanzia pale nilipoachia, kwa kalamu, nikipata nafasi. Ili kumaliza natakiwa nijaribu tasa zote hadi 33,100 hivi, maana kipeuo cha pili cha namba hiyo kiko hapo, na hizo ni zaidi ya elfu tatu. Najua simu ingenijibu kwa kufumba na kufumbua. Tafadhali msinitumie jibu.

Jumapili iliyopita mjomba alipiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Umefika ngapi?"

"Mia na kumi na tatu."

"Imeingia?"

"Imebakiza thelathini."

"Aa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mzigo haujafika bado, akaniuliza kama huku mvua zimeanza.